Springi Zilizokatwa kwa Moto

Kwanza niliona kucha zake, nyeusi kwa grisi, na shati jeupe pepe. Bwana huyo alikuwa akimwonyesha jirani yake kwenye basi, mwanamke mwenye ovaroli ya gereji, picha ya gari lake kuukuu la Kijerumani. Hulichezea kila Jumapili, kwa raha zake.

"Ona lilivyolala chini, dada! Nimezifupisha springi zote nne. Kesho nampeleka binti yangu harusini."

"Umekata na msumeno?"

"Msumeno wa nini? Moto wa gesi, dakika mbili tu."

Yule mwanamke fundi alishika kichwa, abiria wa mbele wakageuka. "Moto! Kaka, springi ikishapigwa moto imekufa. Itakatika kwenye kona!"

"Usinitishe. Nimeshalizungusha mtaa mzima."

"Mtaani unakwenda mwendo wa bata! Huyo bibi harusi umemchoka?"

"Nyie mafundi mnaona wivu," alisema akicheka. Basi likasimama, akashuka.

Nilichelewa kumwambia: Mzee, baba yangu naye alizikata springi zake kwa moto. Nilikuwa darasa la tano, nimekaa kiti cha nyuma, na ni mimi peke yangu niliyetoka hai.