Mbao Thelathini na Saba za Fundi Josiah Kotile Bonaya

Ndugu, jamaa na majirani, haya ndiyo maisha ya marehemu kama sisi wa nyumba yake tulivyoyaona, bila kutia chumvi. Yeye mwenyewe asingependa itiwe.

Josiah Kotile Bonaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 kijijini Ngao, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Bonaya, mkulima wa mpunga na ndizi kando ya mto Tana. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi hapo Ngao kuanzia mwaka 1954. Mwalimu alimchapa mara nyingi kwa kugonga dawati kwa rula, akitafuta sauti ya kila ubao. Mwaka 1963 alikwenda Mombasa kujifunza useremala, akahitimu mwaka 1966.

Alifanya kazi Mombasa hadi mwaka 1980, kisha akaajiriwa katika mradi wa umwagiliaji wa Bura, ambako alitengeneza milango ya nyumba za wakulima. Mwaka 1989 alihamia Garsen na kufungua karakana yake. Ukweli lazima usemwe: alikuwa mzito wa kumaliza kazi, na wako hapa leo waliongoja mlango miezi minne. Lakini mlango wake ukifika, haukupinda.

Alifunga ndoa na Kahaso tarehe 18 Agosti 1973 kanisani Wenje, nyumbani kwa bibi harusi. Hawakuwahi kupelekana mbele ya wazee hata mara moja. Vijana mnaooana leo na kuachana kesho, lisikieni hilo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa milango. Mwaka 1992 aliitengenezea kwaya ya kanisa lake hapa Garsen marimba ya mbambakofi, mti mgumu, yenye mbao thelathini na saba, kila moja na kibuyu chake chini. Ilihitaji wanaume wanne kuibeba, hivyo kila mara kwaya ilipoalikwa Wenje au Bura, marimba ilibaki nyumbani. Mwaka 1996 Kombe, mpwa wake mwenye studio ndogo ya muziki Mombasa, alimletea kinanda cha umeme kinachonasa sauti. Unagonga mbao mbele ya maikrofoni, kinanda kinaihifadhi sauti ile kwenye disketi, kisha ukibonyeza kitufe inalia mbao ileile.

Kombe alimwambia kwamba mbao kumi zingetosha, kwa kuwa kinanda chenyewe huivuta sauti ya mbao moja juu au chini ikawa ya jirani zake. Marehemu alikataa. Alitaka kila mbao ijisemee, na igongwe mara tatu: taratibu, wastani na kwa nguvu. Hayo ni mapigo mia moja na kumi na moja.

Septemba 1997 alitandaza magunia ya pamba kutoka Bura kwenye kuta za karakana ili mwangwi usiingie. Jenereta ilikuwa na kelele, akatumia betri ya trekta. Alichagua saa saba mchana, watu wa Garsen wanapokuwa wamelala kwa joto. Alichosahau ni kwamba kiangazi, saa saba, ng'ombe wa wafugaji Waorma huteremka mtoni kunywa maji. Aliposikiliza kazi yake jioni, mbao ya kumi na tisa ilikuwa na kengele ya ng'ombe ndani yake, katika mapigo yote matatu. Akasema atairudia juma lijalo. Juma lijalo likawa la mlango wa mtu, na lililofuata pia. Kisha mvua ikaja, mto ukavunja kingo, karakana ikajaa maji hadi madirishani. Vibuyu vilielea vikaenda zao. Mbao zilipokaushwa na jua zilipasuka; kilichosalia ni kinanda na disketi, vilivyokuwa nyumbani.

"Mjomba, kwa hiyo moja tuivute tu sauti ya jirani," Kombe alimsihi. "Hakuna atakayejua."

"Wewe hujui?"

"Mimi najua."

"Basi tumeshakuwa wawili."

Mwaka 1998 kwaya ilirekodi kaseti kwa sauti zile, kengele ikiwamo. Siku moja mzee Godana, mfugaji wa hapa, aliisikia dukani, akaja karakana mbiombio.

"Josiah! Nani ameweka ng'ombe yangu ndani ya radio? Hiyo kengele nilichonga mimi!"

Ng'ombe yule, kiongozi wa kundi lake, alikuwa amekufa kwenye mafuriko. Godana aliomba sauti isifutwe.

"Sifuti, nitakupa kwenye kaseti yako," marehemu alimjibu. "Lakini kwaya haiwezi kuimba Pasaka na ng'ombe wa Godana."

"Kwani yeye anaimba vibaya?" Godana akauliza, wakacheka hadi wakakaa chini. Godana alipata kaseti yake.

Mwezi Novemba 1998 madaktari waligundua kwamba marehemu ana ugonjwa wa ini, na hawakumficha kwamba muda ulikuwa mfupi. Hakuomba ila nguvu za kumaliza mbao ya kumi na tisa. Alichukua kipande cha mbambakofi, akakikwangua tumboni kidogo kidogo, kwa maana ukikwangua katikati sauti hushuka, na ukizidisha umeharibu. Kazi ya siku mbili ilimchukua miezi miwili. Tarehe 20 Februari 1999, alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka, aligonga pigo la taratibu na la wastani. La nguvu lilimshinda. Akamwita mkewe.

"Baba Hiribae, mimi wa kusonga ugali nipige marimba?"

"Mkono ni uleule. Piga, mama."

Kahaso akapiga. Marehemu alisikiliza hadi sauti ikaisha, akasema, "Zimetimia." Siku ya Pasaka alikaa kanisani kwenye kiti mlangoni, kwaya ikaimba, mbao zote thelathini na saba zikalia kinandani.

Aliaga dunia nyumbani kwake Garsen, Ijumaa tarehe 11 Juni 1999, akiwa na miaka hamsini na mitatu, bila deni la ahadi kwa mtu.

Ameacha mjane, Kahaso, watoto wawili, Hiribae na Rehema, wajukuu watatu, mpwa wake Kombe, na rafiki yake Godana, aliyekesha nasi. Disketi zote ziko mikononi mwa kwaya. Ya mwisho ina karatasi aliyoiandika mwenyewe: "Mbao ya 19. Taratibu na wastani, Josiah. Kwa nguvu, Kahaso." Kwaya imeagizwa isiibandue.

Mungu ampe fundi wetu pumziko, na amani isiyo na doa.