Faustin Mumba na Farasi wa Bwana Adalbert

Tarehe 31 Machi 1956 Mzee Faustin Mumba anaweka chini randa yake, baada ya miaka thelathini katika karakana yetu ya useremala hapa Élisabethville. Aliingia kama mfagiaji wa maranda, akapanda hadi kuwa kapita, kiongozi wa mafundi. Viti na milango ya mabehewa mengi ya reli imepita mikononi mwake.

Lakini wazee wa karakana wakimtaja Mumba, huanza na farasi. Bwana Adalbert, Mhungaria aliyekuwa msimamizi wetu, alikuja na sanduku la eshek, yaani sataranji, lililopungukiwa farasi mmoja. Akamwomba Mumba achonge mwingine, akasahau kumwonyesha wale waliobaki. Mumba hakuwa amewahi kumwona farasi. Akachonga mnyama aliyefanana sana na mbuzi. Adalbert alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtumia mbuzi huyo mchezoni hivyo hivyo. Kwao, alieleza, kipande hicho huitwa huszár, askari wa farasi, na watu hucheza mkahawani mchana kutwa kwa kikombe kimoja cha kahawa. Akamfundisha Mumba, na saa ya chakula wawili hao wakawa hawaachani. Mumba aliwapenda farasi kuliko malkia, kwa kuwa wao huruka juu ya wenzao.

Mwaka 1947 Adalbert alimpeleka kwenye mashindano ya eshek mjini. Mlangoni wakaambiwa Mwafrika haingii. Adalbert naye hakuingia. Tangu siku hiyo Wazungu wenzake walimkwepa, hata salamu zikapungua. Mumba aliyaona hayo, akaogopa kwamba ndiye anayemponza. Akaacha kwenda kucheza, bila kueleza sababu. Saa ya chakula Adalbert alipanga vipande, akasubiri, akavirudisha sandukuni.

Adalbert alipokuwa anarudi Ulaya, mgonjwa wa mapafu, tulimsindikiza stesheni. Alimshika Mumba mkono, akamuuliza: "Mumba, nilikukosea nini?"

Wazungu walikuwa wamejaa pale, wanatazama. Mumba alijibu tu, "Hapana, Bwana." Treni ikaondoka. Mwaka uliofuata tukasikia kwamba amefariki.

Tulipomuuliza Mzee Mumba angependa zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa wala baiskeli. Alitaka jina la Adalbert liandikwe katika karatasi hii, pamoja na jibu alilopaswa kumpa pale stesheni: "Haukunikosea kitu. Niliogopa Bazungu batakuchukia juu yangu. Nilipashwa kukuambia."

Mzee Mumba, tumeandika kama ulivyosema. Asante kwa kazi yako, na kwa uvumilivu wako kwetu sisi uliotufundisha kushika randa. Uende salama shambani kwako upande wa Kinsevere pamoja na mkeo, Mama Ngosa. Mkapumzike vema, na mvua ziwatoshe.