Afande Gundi na Makuruta Arobaini na Mmoja

Marehemu aliacha maagizo matatu kuhusu wasifu huu: uwe mfupi, tarehe ziwe sahihi, na mdogo wake asipige chuku. Mdogo wake, ambaye ndiye anayeusoma, anaahidi hilo la tarehe.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, ambako baba alikuwa karani wa kupanga barua. Mama alikuwa mkunga, na asubuhi hiyo alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kumzalisha jirani alipoona zamu imemfikia yeye. Marehemu alikuwa wa nne kati ya watoto saba, na wa kwanza wa kike. Alipokuwa na miaka sita tayari aliwapanga ndugu zake mstari kila jioni kabla ya kunawa miguu. Kaka mkubwa, aliyemzidi miaka minane, naye alisimama mahali pake. Marafiki walipomcheka kwamba anamwogopa mtoto, aliwajibu, "Njooni nyinyi mkae naye wiki moja, halafu tuongee."

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani kuanzia 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1972. Hesabu zilikuwa mchezo kwake. Kuimba Mungu alimnyima, ingawa hakulikubali jambo hilo mpaka mwisho, na wanakwaya waliowahi kusimama karibu naye wanajua tunachosema. Baada ya shule alifundisha watoto wadogo miaka miwili. Mwezi Januari 1975 alimsindikiza shoga yake kwenye usaili wa jeshi la polisi. Shoga alipoona ofisa mwenye masharubu na kamba ya kupimia urefu, alitimua mbio. Marehemu akabaki kuomba radhi kwa niaba yake, na kabla hajamaliza kuomba radhi alikuwa amekwisha kupimwa.

Aliingia chuo cha polisi Jumatatu tarehe 3 Februari 1975. Kwa wale ambao hawajawahi kukanyaga pale, kile ni chuo kimoja tu kwa nchi nzima. Kuruta atoke kaskazini au kusini, atalala kwenye bweni lile lile la vitanda hamsini, atakanyaga uwanja ule ule wa gwaride, atajifunza kitabu kile kile, ili mwananchi akikamatwa popote akamatwe kwa namna moja. Mkuu wa Chuo ana ruhusa ya kumfokea yeyote, lakini hawezi kumfukuza kuruta hata mmoja. Hilo ni la Bodi ya Mafunzo, inayotoka makao makuu, na Bodi yenyewe hairuhusiwi kumfukuza mtu kabla ya kumsikiliza. Marehemu aliupenda utaratibu huo kama wengine wanavyopenda mpira. Alihitimu akiwa wa pili, akafanya kazi vituoni miaka mitatu, na mwaka 1979 akarudishwa chuoni kuwa mkufunzi wa sheria na taratibu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilimfanya awe yule mliyemjua. Yeye mwenyewe alilisimulia kila alipopata msikilizaji, kwa hiyo hatufichui siri ya mtu.

Kila mkufunzi alikuwa na nakala yake ya Kitabu cha Kanuni. Kanuni ikibadilika, makao makuu hayakuchapisha kitabu kipya. Yalituma vipande vya karatasi vyenye maneno mapya, na mkufunzi akabandika kipande juu ya aya ya zamani kwa gundi, kisha akatia sahihi daftarini kwamba amekipokea. Jumatatu tarehe 11 Juni 1984 kilikuja kipande kuhusu mali za mtu anayekamatwa. Zamani askari alizichukua akaenda kuziandika kituoni, peke yake. Sasa ilitakiwa aziandike pale pale, mbele ya mwenyewe, na mwenyewe atie sahihi. Marehemu alitia sahihi daftarini, akakitia kipande kwenye mfuko wa koti la sare akakibandike akifika ofisini. Njiani akapitia kwa fundi cherehani wa chuo, kwa sababu koti lilikuwa linambana kwapani. Akaliacha hapo, akaenda zake darasani.

Mtihani ulifanyika Septemba. Kanuni za chuo zilisema mkufunzi hasahihishi wanafunzi wake, na karatasi hubeba namba badala ya majina. Msahihishaji, mkufunzi mwenzake, alipofika kwenye swali la saba, la mali za anayekamatwa, alisimamisha kalamu. Makuruta arobaini na mmoja wa kombania ya tatu, darasa la marehemu, wote, walikuwa wameandika jibu moja lisilo sahihi, neno kwa neno, na wote walikuwa wametoa mfano wa kitana kilichovunjika meno. Mtu mmoja anaweza kufikiria kitana. Arobaini na mmoja hawawezi. Taarifa ikapanda kwa Mkuu wa Chuo, kutoka hapo ikapanda makao makuu. Udanganyifu wa mtihani adhabu yake ilikuwa kufukuzwa na kutopokelewa tena kazini maisha yote. Bodi ikapangwa kukaa Ijumaa tarehe 21.

Marehemu aliwashukia makuruta wake bwenini kama mwewe. Masanduku ya bati yalikuwa yamekwisha kufungwa na kupangwa vitandani, na baadhi ya wenyewe walikuwa wanalia waziwazi.

"Nani ameiba karatasi?" alifoka. "Aseme sasa hivi! Nimewalea miezi minane, mnanilipa hivi?"

Aligonga sanduku la karibu kwa kiganja.

"Na hicho kitana mmekitoa wapi?"

Kuruta mmoja mfupi, wa kitanda cha mlangoni, alinyoosha mkono. "Kwako, Afande."

"Unasema nini?"

"Wewe ndiye ulitufundisha, Afande. Ulisema askari achukue kila kitu, hata kitana kilichovunjika meno, akaandike kituoni. Ulisema anayesahau kitana hata bunduki ataisahau."

Marehemu alikwenda ofisini mbio. Alifungua kitabu chake, akaiona aya iko kama alivyoifundisha. Alichukua kitabu cha jirani yake, akafungua ukurasa ule ule, na pale palikuwa na kipande cheupe kilichobandikwa vizuri, pembe zote nne. Akafungua daftari. Sahihi yake ilikuwepo, kubwa, na mkia wake wa madaha. Alikaa juu ya meza, kitu ambacho kilikatazwa.

Kwa fundi alifika anahema. Fundi alikuwa mtu mpole, mrefu, sindano mdomoni. Hakuuliza swali. Aliinua mkono kwenye rafu, akashusha kopo la biskuti ambamo aliweka kila alichokikuta mifukoni mwa sare za watu: vifungo, filimbi, barua za mapenzi za makuruta, kila kitu na karatasi yake yenye jina. Kipande chake kilikuwa humo, na alikuwa amekipiga pasi.

"Miezi mitatu!" marehemu alisema. "Kwa nini hukuniletea?"

"Nilikuletea mara mbili, Afande," fundi alisema. "Mara ya kwanza ulikuwa unafokea watu, nikaogopa."

"Na ya pili?"

"Ya pili ulinifokea mimi."

Mwezi huo huo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Mkufunzi aliyefundisha kanuni iliyokwisha kufutwa hupoteza cheo na kutolewa darasani. Hiyo ilikuwa kanuni ya 44, na alikuwa akiifundisha yeye mwenyewe kila muhula. Msahihishaji, ambaye alimpenda na hakutaka mabaya, alimvuta pembeni. "Dada, tia hiyo karatasi mfukoni ulikoitoa. Makuruta watakuja wengine. Wewe ukimwaga unga, nani atakupikia?" Mdogo wake naye, anayesoma hapa, alimwambia vivyo hivyo, na anaona aibu mpaka leo.

Ijumaa hiyo aliingia mbele ya Bodi na vitu vitatu: kitabu chake, kipande kilichopigwa pasi, na fundi cherehani. Wajumbe watano walimkodolea macho. Alivitandaza mezani viwili vya kwanza, cha tatu akakisimamisha mlangoni.

"Unajua unachojifanyia?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Najua, mheshimiwa. Kanuni ya 44. Ninayo hapa, na hiyo nimeibandika."

"Huenda wameiba mtihani na wewe unawafunika."

"Mheshimiwa, wangeiba mtihani wangepata jibu sahihi. Wameandika nilichowapa. Hawa ni wasikivu kuliko mimi."

Fundi aliulizwa kama ni kweli kipande kilikaa kwake. Alisema ni kweli. Aliulizwa kwa nini hakukipeleka kwa mkuu wake. Alisema, "Waheshimiwa, nyinyi mmekaa naye nusu saa. Mnaona alivyo." Inasemekana mjumbe mmoja alijificha nyuma ya faili ili acheke.

Bodi iliamua majibu ya swali la saba yafutwe, makuruta wafundishwe upya na mtu mwingine, na swali hilo walijibu tena ukumbini mbele ya wasimamizi watatu. Wote arobaini na mmoja walifaulu. Hakuna aliyetaja kitana. Marehemu alifutwa kwenye orodha ya vyeo, akapelekwa bohari kuhesabu mablanketi mwaka mzima. Alilia siku moja, nyumbani kwa mdogo wake, kilio cha kweli chenye makamasi. Kazi ile aliipenda, na kutolewa darasani kulimuuma. Kesho yake alinawa uso akaenda kuhesabu mablanketi, na bohari ile haijawahi kupangika vile tena.

Mablanketi yaliyochanika yalitakiwa kushonwa, na mshonaji alikuwa mmoja tu. Fundi alikuja mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, kisha kila siku, mpaka ikaonekana mablanketi yanachanika kwa kasi isiyo ya kawaida. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Aprili 1986. Mungu aliwajalia watoto watatu. Marehemu alibandika kanuni za nyumba ukutani jikoni, kumi na nane, na mumewe kwa miaka thelathini na minane hakufuata hata moja, wala hakuacha kumwita Afande. Walicheka sana katika ile nyumba. Majirani wanaweza kuthibitisha, kwa sababu walilalamika.

Alirudishwa darasani Oktoba 1985. Cheo alichokipoteza alikipata mwaka 1991, miaka saba baadaye, pamoja na ukuu wa idara ya sheria. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuandikia Bodi pendekezo, nayo ikalipitisha: vipande vyote vibandikwe siku moja, Jumatatu, wakufunzi wote wakiwa chumba kimoja, na asitoke mtu kabla gundi haijakauka. Alikuwa akipita meza kwa meza na kopo lake la gundi, akijaribu pembe za karatasi kwa ukucha. Hapo ndipo alipoitwa Afande Gundi, kwanza kwa kunong'ona, baadaye hadharani. Alikuwa Naibu Mkuu wa Chuo, Mafunzo, kuanzia 2003 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Kila kundi jipya la makuruta alilisimulia habari ya kitana, akiwaonyesha kitabu kile kile. Aliwaambia, "Mtu mkimkamata ana kitana tu mfukoni, hicho kitana ni chake. Mwandikieni mbele ya macho yake. Na siku mkikosea, semeni nyinyi, msimwachie aliye chini yenu abebe lawama."

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023. Alilazwa mara nne, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na kila mara aliruhusiwa mapema kidogo kuliko alivyostahili, kwa sababu alikuwa akikagua chati za wagonjwa wengine. Muuguzi wa zamu alituambia, "Bibi huyu amenifanya niandike saa hata nikinywa chai." Familia inawashukuru wauguzi na madaktari wote kwa uvumilivu wao, maana tunajua walichovumilia.

Alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini. Mumewe alikuwa pembeni yake akimshonea kifungo cha gauni la kulalia. Marehemu alimwambia, "Uzi huo umeufunga vibaya," fundi akaufungua aufunge upya, na alipoinua macho alikuwa amekwenda. Tunamlilia. Tumecheka tukiandika haya na tumelia tukiandika haya, na hatuoni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kaka wawili na mdogo wake wa kike. Ameacha pia wale arobaini na mmoja, ambao yeye aliwahesabu kila mwaka, na tungewaacha nje ya orodha hii angetufokea. Wanane wametangulia. Walio hai ni thelathini na watatu: wakuu wa vituo, wapelelezi, walinzi wa amani, babu na bibi za watu, na yule mfupi wa kitanda cha mlangoni ndiye Mkuu wa Chuo hivi sasa. Waliandika barua moja kwa familia wakiomba walibebe jeneza wao. Tuliwajibu kwamba jeneza linahitaji watu wanane tu. Wakajibu kwamba wamekwisha kupanga zamu, kila mmoja ametia sahihi, na kwamba kama si yeye kusimama siku ile, hakuna kati yao ambaye angekuwa na sare ya kuvaa leo.

Apumzike sasa, kwa amani yote ile aliyowanyima makuruta kwa miaka thelathini.