Mashine ya Risiti na Harusi ya Kandida

KANDIDA: Haloo? Nani mwenzangu?

VAILET: Mimi bwana. Vailet.

KANDIDA: Vailet? Namba mpya hii, umeitoa—

VAILET: Laini nimesajili juzi. Mambo?

KANDIDA: Poa. Kule kijijini Sigino mmemaliza kuvuna?

VAILET: Tumemaliza, nimerudi huku mjini Nangara jana. Uko dukani?

KANDIDA: Niko kaunta peke yangu, bosi kaenda benki. Sema haraka, kuna wateja.

VAILET: Kaa kwanza.

KANDIDA: Tangu lini misumari inauzwa mtu amekaa? Sema.

VAILET: Nimechoma utambi.

KANDIDA: Haloo? Mtandao unakwaruza. Umechoma nini?

VAILET: Nimemchoma Mzee Herieli. Bosi wako, aliyekuwa bosi wangu. Jana nimewapigia watu wa mapato, nikawaambia anavyokwepa kodi. Yote.

[misumari inamwagika]

VAILET: Haloo? Upo?

KANDIDA: Nipo.

VAILET: [anacheka] Yaani tangu jana nacheka peke yangu kama chizi. Nimewaambia zile bei mbili. Mteja akiingia anaulizwa, unataka ya risiti au bila risiti? Bila risiti anapunguziwa, na serikali haioni kitu. Nikawaambia mashine ya risiti ni nzima kabisa, iko kona, imevalishwa kitambaa kama redio ya sebuleni.

KANDIDA: Kile kitambaa nilikifuma mimi.

VAILET: Najua. Nimewaambia kina maua ya njano.

KANDIDA: Vailet.

VAILET: Usiogope, sauti nilibadilisha. Nilijifanya bibi. Kijana akapokea, "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba mwanangu, hamjambo huko? Nikakohoa na kukohoa. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka akaniuliza, "Naongea na mama nani?"

KANDIDA: Si ungenyamaza?

VAILET: Mtu amekuamkia kwa heshima, anakuuliza mama nani, utanyamazaje? Na mtoto sina. Jina likanitoka tu.

KANDIDA: Jina gani?

VAILET: [anacheka]

KANDIDA: Jina gani, Vailet?

VAILET: Mama Kandida.

KANDIDA: Mama yangu yuko hapo sokoni anauza vitunguu—

VAILET: Samahani mwaya—

KANDIDA: —mji mzima huu Mama Kandida ni mmoja—

VAILET: Kijana amesema jina halitoki kwao. Ameapa.

KANDIDA: Kwani ulikuwa na haraka gani? Kazi si ulishaacha?

VAILET: Sikuacha, nilifukuzwa. Nilifukuzwa kwa kumpa sista wa misheni risiti aliyoiomba. Mzee akanisema mbele ya yule sista, eti mimi mtoto wa jembe, biashara nitaijulia wapi. Iliniuma, Kandida. Mpaka leo inaniuma. Acha na yeye aonje.

KANDIDA: Umemaliza? Sasa na mimi nikwambie. Kikao cha harusi yangu Jumapili hukuja.

VAILET: Nilikuwa navuna. Mchango wangu naleta, usianze.

KANDIDA: Sio mchango. Mwenyekiti wetu wa kamati, yule mwalimu, amehamishiwa Kiteto. Tukachagua mwingine.

VAILET: Hongereni. Nani?

KANDIDA: Amejitolea kutoa ng'ombe. Ukumbi analipia yeye, muziki yeye. Na harusi ni Jumamosi hii.

VAILET: Nani, kwani?

KANDIDA: Anauza misumari.

VAILET: Usiniambie.

KANDIDA: Hao watu wako wakimbana kabla ya Jumamosi, mimi na Pantaleo tunaoana na nini? Ukoo wa Pantaleo unateremka na basi zima kutoka Mbulu. Unawajua wale. Wanakula.

VAILET: Mungu wangu. [anacheka] Sicheki, Kandida, naapa—

KANDIDA: Unacheka.

VAILET: Ni woga. Mimi nikiogopa nacheka.

KANDIDA: Subiri. Karibu kaka. Inchi nne? Kilo mbili, sawa... [kwa sauti ya chini] Vailet. Kuna mwanaume ameingia, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono.

VAILET: Ana begi?

KANDIDA: La kompyuta.

VAILET: Ndio wao. Mtu mwenye begi la kompyuta anakwenda kupigilia nini?

KANDIDA: Amesema, "Dada, na risiti."

VAILET: Usimpe.

KANDIDA: Nini?

VAILET: Usimpe risiti. Mwambie kama kila siku, mtandao unasumbua. Ukimpa, mimi nitaonekana mwongo.

KANDIDA: Wewe uliyefukuzwa kwa kutoa risiti, leo unanikataza nisitoe?

VAILET: Leo tu.

KANDIDA: Nisipotoa, bosi kanaswa na harusi imekufa. Nikitoa, bosi kapona, na ng'ombe wangu kapona.

VAILET: Ng'ombe haponi, bwana. Anachinjwa.

KANDIDA: [anazuia kicheko] Usinichekeshe, ananiangalia. Natoa kitambaa. Samahani kaka, ni vumbi tu... Naibonyeza. Inatoka. Unaisikia?

VAILET: Naisikia. Jamani, ile sauti.

KANDIDA: Ameisoma yote, mpaka chini. Sasa ameniuliza naitwa nani.

VAILET: Ukamwambia?

KANDIDA: Scholastica.

VAILET: [anacheka sana]

KANDIDA: Ungekuwa wewe ungesema Mama Scholastica. Vailet, haondoki. Amekaa juu ya mfuko wa saruji, anasema anamngoja mwenye duka. Na huyu mama aliyeko nyuma yake naye anataka risiti. Na yule wa mabati anataka ya wiki iliyopita. Wameshaona kumbe mashine inafanya kazi.

VAILET: Wape wote.

KANDIDA: Si uliniambia nisi—

VAILET: Wape tu, umeshaanza.

KANDIDA: Huyo. Bosi huyo anashuka kwenye gari. Nimkonyeze?

VAILET: Hataona. Kohoa.

KANDIDA: [anakohoa] ... [anakohoa tena]

VAILET: Ameelewa?

KANDIDA: Ameniambia pole, ninywe tangawizi.

VAILET: Ile sauti yake naisikia mpaka huku. Anaongea na nani?

KANDIDA: Na wa begi. Ameona karatasi mkononi mwake, na mimi ameniangalia kwa jicho baya. Nakohoa mpaka kifua kinauma, hata hageuki.

VAILET: Nyamaza nisikie. Amesema, "Kaka, huyu binti hajui biashara. Siku nyingine nione mimi mwenyewe, bila hiyo karatasi nakupunguzia"?

KANDIDA: Amesema.

VAILET: Kwa mdomo wake?

KANDIDA: Kwa mdomo wake, na mkono amemshika begani. Jamaa anacheka naye. Sasa anatoa kitambulisho.

VAILET: Kandida?

KANDIDA: Bosi amekaa na yeye kwenye saruji.

VAILET: Sikio la kufa—

KANDIDA: —halisikii dawa. [anacheka] Nimemkoholea yote, Vailet. Ningekohoa nini tena?

VAILET: Unacheka au unalia?

KANDIDA: Vyote. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechoka kumwambia kila mtu mtandao hakuna. Nimefurahi na nimeharibikiwa, vyote kwa pamoja.

VAILET: Na harusi?

KANDIDA: Iko palepale. Padre hajafungwa. Naolewa Jumamosi hata kama ni kwa chai ya rangi.

VAILET: Na basi la Mbulu?

KANDIDA: Hilo la mwenyekiti.

VAILET: Mwenyekiti si ndio huyo kwenye—

KANDIDA: Wa sasa. Nimemchagua sasa hivi, nimeinama hapa chini ya kaunta.

VAILET: Nani?

KANDIDA: Umelikoroga, utalinywa.

VAILET: Kandida, mimi hata kuku sina.

KANDIDA: Tafuta watu, waombe. Jana si ulijua kupiga simu? Leo endelea.

VAILET: Ngoja, salio linaniishia, nimesikia mlio—

KANDIDA: Kikao saa kumi jioni, nyumbani kwetu. Lazima nikate, ananiita.

VAILET: Nani, bosi?

KANDIDA: Wa begi. Baadaye, Mwenyekiti. Njoo na ng'ombe.

VAILET: Ng'ombe nitamtoa wapi mimi? Kandida, nisikilize, hata nikiuza—

[simu imekatika]