Mkufu wa Njoro na Fundi Wasike

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Nicodemus Wasike ametutoka. Ni yule fundi wa dhahabu wa Nakuru. Ukimletea pete, alijua ni dhahabu au ni shaba iliyopakwa rangi kabla hujamaliza salamu.

Lakini leo siwezi kumsifu tu. Liko jambo la mwaka wa 1955 lililomla moyo mpaka kaburini.

Settla mmoja wa Njoro, Mzungu mwenye shamba, alileta mkufu kwenye duka alikofanya kazi Wasike. Aliununua ng'ambo akiambiwa ni wa kale, wa enzi za wafalme. Mkewe aliuvaa miaka mingi. Sasa mgeni wao alikuwa ameutilia shaka.

"Hii kitu ni ya zamani ama ya sasa?" settla akauliza.

Wasike akausugua kwenye jiwe la kupimia dhahabu, akadondosha tindikali. Dhahabu safi. Akashika lenzi, akatazama waya wake. Mafundi wa kale walisokota waya kwa mkono. Huu ulikuwa na mistari iliyonyooka, alama ya kuvutwa kwenye tundu la chuma.

"Ni dhahabu, bwana. Lakini ni kazi ya siku hizi."

"Basi yaya ameiba yangu, akaweka hii!"

Yaya huyo alikuwa Eucabeth Adero, aliyekuwa ameajiriwa siku chache tu kabla ya hapo. Na Wasike alikuwa ameona jambo jingine. Kulabu ya mkufu, pale unapofungwa shingoni, ilikuwa imelika kwa kuvaliwa miaka mingi. Mkufu ulikuwa ule ule wa mke wa settla, haukubadilishwa. Settla alidanganywa huko alikonunua.

Mbona hakusema? Dukani walifunzwa hivi: mteja mjibu alichouliza, basi. Ukiongeza neno, unavunja ndoa za watu. Wasike akanyamaza. Inaniuma hata kusimulia.

Asubuhi yake alipanda baiskeli hadi Njoro kueleza habari ya kulabu. Settla akamjibu langoni: "Niliuliza, ukajibu. Kwisha." Akaenda kortini, hakuna aliyemwita kutoa ushahidi. Eucabeth akafungwa. Mama yake alizikwa binti akiwa jela.

Nekesa, bintiye Wasike, anasema: "Baba alikuwa anaacha chakula, anasema tu, 'Kulabu, Nekesa. Ningesema ile kulabu.'"

Juzi mazishini, Eucabeth mwenyewe, sasa mama mzee, alikuja. Alitupa udongo, akapangusa mikono. "Nimekuja kuzika mzee," akasema. "Kusamehe, bado."

Nekesa na jamaa wote, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, ukiulizwa jambo leo, tazama kwanza jibu lako litamwangukia nani. Na mama Eucabeth, kama redio iko wazi hapo kwako, pole na wewe. Miaka yote hii, hakuna aliyekuambia neno hilo.