Maisha ya Lugano Asajile, Bila Kuruka Kitu

Mchungaji, wazee wa ukoo na ndugu waombolezaji, mimi ni Jotham, mjomba wa marehemu, na asubuhi hii wazee waliniita pembeni migombani wakanishauri nisome kuzaliwa na kufa tu, masomo, kazi na ndoa niviruke, eti mtoto huyu hakuwa na historia. Ushauri huo nimeutema, kwa hiyo nitasoma yote.

Lugano alizaliwa tarehe 14 Machi 2011 hapa Masukulu, mtoto pekee wa Asajile na dada yangu Prisca, na alipotimiza mwaka bila kukaza shingo, hospitalini walisema ana mtindio wa ubongo. Siku hiyohiyo baba yake mkubwa, Abrahamu, ambaye leo amekaa kiti cha mbele, aliwaambia wazazi, "Msimzoee sana huyo, ni mgeni tu," na Asajile, kwa kuogopa kulia baadaye, akatii, akawa hamshiki mwanawe. Wakubwa tunawaheshimu, lakini neno lile linanuka mpaka leo.

Masomo aliyaanza mwaka 2014 huko Msasani ya hapa wilayani kwetu, kwenye mkeka wa mazoezi, ambako mtaalamu Agness alimfundisha Prisca kumpakata uso kwa uso, kumwita jina, kisha kunyamaza na kumsubiri, maana jibu la mtoto kama huyu huchelewa, na jibu likaja, kwanza jicho, baadaye sauti.

Kazi yake ilikuwa baba yake. Julai 2016 Prisca alilazwa kwa malaria, Asajile akabaki na uji mkononi hana wa kumpa kazi hiyo, akampakata mwanawe kama alivyomwona Prisca akifanya, akamwita, akasubiri, na Lugano akacheka. Tangu hapo, Asajile akitoka kuchuma chai akikohoa tu njiani, mtoto anacheka ndani, nasi tunajua baba amefika.

Ndoa hakufunga, ila aliilinda ya wazazi wake, kwani mwaka 2018 ukoo ulimletea Asajile mchumba wa kumzalia mtoto mzima, wakamkuta anamwogesha Lugano, akawaambia maji yanapoa, waende.

Tarehe 9 Juni 2024 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya Makandana, akafariki tarehe 12 kifuani mwa baba yake. Leo amechinjiwa ng'ombe na watu ambao hawakuwahi kumletea hata kikombe cha maziwa, na watu haohao, midomo ingali na mafuta, wanawashika wazazi mkono wakiwaambia, "Sasa mmepumzika." Inachukiza, ndugu zangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu Agness, wachuma chai wenzake Asajile, na jirani yetu Mama Ikram, aliyekuja kumpakata Lugano bila kuitwa, ndaga fijo, asanteni sana.

Asajile na Prisca wamefiwa na mtoto wao, wapeni pole ya wafiwa. Wa kupumzika leo ni mmoja, Lugano, apumzike kwa amani, na wazazi wake waacheni walie.