Bomba Lililobaki na Maji

Kuna jambo moja sijawahi kulipatia jibu, na nimeshaacha kulitafuta: bomba la uani kwetu lilianzaje kutosha? Mrija ni uleule, maji huja saa zilezile, alfajiri mpaka saa nne asubuhi, na kaya ni kumi na mbili vilevile. Miaka tisa yote maji hayo hayakuwahi kufika mkia wa foleni. Kisha asubuhi moja Gundi, fundi wa viatu ambaye benchi letu limeegemea kibanda chake, alirudi kutoka uani na ndoo iliyojaa, uso kama wa mtu aliyepishana na marehemu njiani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Alitukuta watatu na vikombe vyetu vya kahawa: mimi, Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, na Mahakama, karani mstaafu ambaye kwake kila neno ni kesi.

— Bomba linatoka maji, Gundi akasema. Na hakuna mtu.

— Hakuna mtu vipi?

— Hakuna mtu. Nimejaza ndoo, nikageuka nimpishe wa nyuma yangu, nikakuta ukuta.

Mahakama aliweka kikombe chini polepole. Mgeni wa uani kwetu lazima aelezwe kwa nini hilo lilikuwa la ajabu. Ufunguo wa bomba ulikuwa ukikaa kwa jirani mmoja, seremala, kwa kuwa mlango wake ndio ulio karibu. Tulimpachika jina la Radi, na hakulipata kwa bahati mbaya. Mtu akiruka foleni, au tone la maji likiangukia kizingiti chake, Radi alikuwa akitoka, anapiga kelele mpaka kuku wanahama, anafunga bomba kwa mnyororo na kufuli, anarudi ndani. Huenda akafungua kesho, huenda keshokutwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliteka kama anayeteka siku ya mwisho: ndoo, madumu, beseni, hata sufuria ya wali. Maji yalilala vyumbani mpaka yakaota viluwiluwi vya mbu, yakamwagwa mtaroni, na wa mwisho kwenye foleni akarudi na ndoo kavu na matusi mapya.

Lakini wiki tano zilikuwa zimepita Radi hajapiga kelele. Ilianza siku beseni la mama mmoja lilipopinduka mlangoni pake. Watu walirudi nyuma hatua tatu wakisubiri. Radi alitoka na ufagio, akasukuma maji, akamuuliza yule mama kama mguu haukuumia. Watu walishtuka kuliko kama angempiga. Tulidhani ni mtego. Hata hivyo, siku baada ya siku, waliokuwa wakija na ndoo nne wakaanza kuja na tatu, halafu na moja, bila kuambiana.

Kijiweni hatukuridhika. Redio alianza kwa upole, akadai Radi ameonekana hospitali na daktari amemwambia kelele nyingine moja tu moyo unasimama. Mahakama alikataa ushahidi huo: mgonjwa wa moyo hambebei jirani ndoo kupanda ngazi mbili, na Radi amebeba. Yeye aliona mtu huyo anahama, anataka tumsindikize vizuri. Gundi, sindano mdomoni, akasema Radi amechimba chini ya bomba akakuta dhahabu. Mwenye dhahabu uani hagombani na mtu, hataki watu wajae kwake. Hapo Redio akainama, akashusha sauti.

— Nyie hamjamtazama masikio. Yule si Radi. Ni pacha wake.

— Radi hana pacha, Gundi akasema.

— Ndiyo maana hatukushtuka mapema.

Naona haya kukiri kwamba jambo hilo lilinikaa kichwani kwa muda kidogo. Lingekaa zaidi, ila Radi mwenyewe alitokea, akatusalimu mmoja mmoja, kisha akamgeukia Mahakama, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kusikia neno jema kutoka kwake, wala yeye kulitoa.

— Goti linaendeleaje, mzee?

— Linaendelea, Mahakama akajibu, kama mshtakiwa aliyeitwa kizimbani ghafla.

Radi aliweka ufunguo kwenye benchi, katikati ya vikombe.

— Huu nawarudishia. Sijautumia wiki tano. Tafuteni wa kukaa nao.

Mahakama alisogeza kikombe chake mbali na ufunguo.

— Kaka, umepatwa na nini?

— Hata mimi najiuliza. Siku moja niliamka nikajikuta nimeshanuna, na bado sijaonana na mtu. Nikakaa kitandani nisubiri kujua namkasirikia nani. Sikumpata. Nikaenda kufungua bomba.

Akaondoka kwenda kwenye mbao zake. Alituachia ufunguo na hofu. Ukiangukia mkono usiofaa, asubuhi moja tu ya hasira itaturudisha kwenye sufuria na viluwiluwi. Redio hakufaa, hasemeshani na wa chumba cha tatu. Gundi yuko vitani na dada yake mwenyewe juu ya kamba ya nguo. Mimi waliniambia nitausahau mfukoni, nikashukuru hawakutaja mengine. Mahakama alinyoosha mkono, akatutazama nyuso, akaurudisha mwenyewe.

Mwisho wa benchi alikaa mshonaji wa nguo, mpangaji mpya wa chumba cha kumi na mbili, mguu mmoja peku, akisubiri kamba ya ndala yake. Alikuja tukiwa kwenye ubishi wa pacha, tukamsahau.

— Samahani, kaka zangu. Bomba halijafungwa wiki tano. Nani ameiba maji?

Mahakama akaushika ufunguo, akaupinduapindua.

— Nina mapipa matano chumbani, akasema bila kututazama. Yamejaa. Nalala ukingoni mwa kitanda kwa kukosa nafasi. Wiki tano sijachota humo hata kikombe.

— Sasa ya nini, mzee? Gundi akamuuliza.

— Bado namsubiri akasirike.

Tuliamua palepale kwamba ufunguo hapewi mtu. Kufuli, lililobaki likining'inia kwenye mrija, litolewe kabisa na mnyororo wake. Mahakama aliomba alitoe yeye, na hatukubisha. Tulimfuata uani, mshonaji nyuma yetu na ndala moja. Kutu ilimsumbua, lakini kufuli liliachia, akakunjua mnyororo na kuuviringisha kama kamba ya kuanikia. Tukadhani amemaliza. Badala yake alikwenda kugonga mlango ambao hakuwahi kuugusa kwa miaka tisa.

Radi alifungua, vumbi la mbao kwenye nyusi.

— Goti linaniuma sana, kaka, Mahakama akamwambia. Na nina mapipa matano ya kutoa nje.

Radi aliingia ndani kuvaa viatu.